Kadi mbili za OSA, bondi moja, na bado LPAR imetoweka: shida iko wapi?

Kwa wageni wa meinifremu: LPAR ni sehemu ya mashine inayojitegemea kama seva kamili, OSA ni kadi yake ya mtandao, na bondi ni kadi kadhaa zilizounganishwa kuonekana kama moja; katika active-backup moja hufanya kazi na nyingine husubiri. 802.3ad na VIPA nitazieleza chini. Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi: "Nafanya zamu ya usiku nikiwa hapa Milimani, nasimamia Linux kwenye meinifremu iliyoko Frankfurt. LPAR yetu ina kadi mbili za OSA, nimeziunganisha kuwa bond0 kwa mtindo wa active-backup. Juzi wenzetu wa mtandao walizima swichi moja kwa matengenezo na seva ikatoweka kabisa mpaka swichi ilipowashwa tena. Kadi ya pili ilikuwa hai muda wote. Mwenzangu mmoja anataka tuhamie 802.3ad, mwingine anasema VIPA. Nimekutumia /proc/net/bonding/bond0 ya siku ile baada ya tukio. Nimfuate nani?"

Kwanza usimfuate yeyote. Tazama tena ulichonitumia:

Bonding Mode: fault-tolerance (active-backup)
Currently Active Slave: encf500
MII Status: up
MII Polling Interval (ms): 0

Na chini yake, kwenye encf500 yenyewe, yaani kadi ya kwanza (ya pili ni encf600):

Link Failure Count: 0

Swichi ya encf500 ilizimwa, umeme ukakatwa, na bado bondi inaapa kwamba kadi hiyo haijawahi kuanguka hata mara moja. Sababu ni ile sufuri ya MII Polling Interval. Draiva ya bondi haichunguzi kebo mpaka uiambie ichunguze kila baada ya muda gani. Ukichagua 802.3ad, balance-tlb au balance-alb, kerneli haikubali sufuri, hujiwekea 100 yenyewe. Ukichagua active-backup inakuachia sufuri yako, kwa kuwa mtindo huo unaweza pia kuchunguzwa kwa njia ya ARP (ujumbe wa kuuliza nani ana anwani fulani ya IP), na kerneli haijui kama unakusudia kuiwasha. Kwa hiyo ulikuwa na kadi ya akiba iliyo tayari, lakini hapakuwa na mtu wa kuiambia kwamba zamu yake imefika.

Hili linarekebishika usiku huuhuu bila kugusa kitu kingine, kwa maana miimon, ndilo jina la mpangilio huo wa muda, hukubali kubadilishwa bondi ikiwa inafanya kazi:

echo 100 > /sys/class/net/bond0/bonding/miimon

Hiyo ni milisekunde 100. Draiva ya qeth, inayoendesha kadi za OSA, hupata taarifa kutoka kwenye kadi mara tu poti inapopoteza mwanga, inaiondolea encf500 hali ya kuwa na mawasiliano, na bondi itaiona ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mstari huo utafutika mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo mipangilio ya kudumu iandike hivi kama mnatumia NetworkManager:

nmcli con mod bond0 bond.options "mode=active-backup,miimon=100,fail_over_mac=active,primary=encf500,primary_reselect=failure,num_grat_arp=3"

Nimeongeza vitu ambavyo hukuuliza. Cha kwanza, fail_over_mac=active. Kwa kawaida bondi huzipa kadi zote anwani moja ya MAC, yaani ile anwani ya kadi yenyewe. Kwenye seva za kawaida hilo halina neno, lakini OSA ni kadi inayotumiwa na LPAR nyingi kwa pamoja: kila mfumo unasajili MAC yake kwenye kadi, na kadi hukataa MAC ambayo tayari ina mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwenye swichi pepe ya z/VM, programu inayoendesha mifumo mingi ndani ya LPAR moja. Ukiweka active, kila kadi inabaki na MAC yake, na bondi inachukua MAC ya kadi inayofanya kazi wakati huo. Gharama yake ni kwamba kuhama kukitokea, majirani wote kwenye mtandao lazima wajue MAC imebadilika, na ndiyo maana nimetaka tangazo la ARP litumwe mara 3 badala ya moja. Kama kuna ukuta wa moto usiosikiliza matangazo ya aina hiyo, utaujua siku ya jaribio: kila mtu atakufikia isipokuwa wanaopita huo ukuta. Jambo jingine, fail_over_mac haibadilishwi bondi ikiwa na kadi ndani yake. Lazima uivunje na kuijenga upya, kwa hiyo hii si amri ya kupiga kupitia SSH inayopita kwenye bond0 hiyohiyo. Nitarudi kwa hilo.

Kabla ya hapo, hakikisha kadi zote mbili ziko kwenye safu ya 2, ile ya fremu za Ethernet. Bondi haiwezi kufanya kazi katika safu ya 3, ile ya IP, kwa kuwa huko OSA ndiyo inayoshughulikia ARP na Linux haioni fremu za Ethernet zenyewe. Amri ya lsqeth itakuonyesha layer2 : 1 kwa kila kadi. Ikiwa moja ina 0, izime kwanza ndipo ubadilishe, kwa sababu sifa hiyo haiguswi kadi ikiwa hewani. Njia safi ni chzdev:

chzdev -e qeth 0.0.f600:0.0.f601:0.0.f602 layer2=1

Namba tatu hizo ni za kadi moja: kusoma, kuandika, na data. Ukishamaliza piga lszdev qeth, na usiangalie safu wima ya ON (iko hewani sasa) peke yake. Angalia PERS (mipangilio ya kudumu) pia. Kadi yenye ON yes na PERS no inafanya kazi leo, na siku ya kuwashwa upya haitakuwapo. Bondi itapanda na mguu mmoja, kila kitu kitaonekana sawa, ping zitajibu, na hakuna atakayegundua mpaka mguu huo nao ukatike. Nimeona bondi nyingi zikiishi hivyo kwa miezi. Kila bondi unayoisimamia iwekee kengele inayolia idadi ya kadi hai ikipungua mbili, hata kama huduma haijakatika. Kwangu kengele hiyo ina uzito kuliko ile ya seva kutojibu.

Sasa tuje kwenye lsqeth tena, mahali ambapo watu hawatazami: mistari ya chpid (namba ya njia kati ya mashine na kadi) na portno (namba ya poti). Baadhi ya kadi za OSA, kama zile za gigabiti 1 za kebo ya shaba, zina poti mbili chini ya CHPID moja. Linux itakuonyesha violesura viwili vyenye majina mawili, lakini chpid ikiwa moja na portno ni 0 na 1, ujue umeunganisha poti mbili za kadi moja. Kadi ikifa, au ikihitaji kusasishwa programu yake ya ndani na CHPID ikazimwa, zote mbili zinakwenda. CHPID zikiwa tofauti bado uliza: kadi hizo zimechomekwa kwenye droo moja ya I/O au mbili? Hilo hulioni kutoka Linux. Mwenye kujua ni aliyeandika IOCDS, yaani orodha ya vifaa vya I/O vya mashine, na ni swali la barua pepe moja.

Ukitoka nje ya mashine, fuata kebo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na sisi huku Kenya tukakaa na intaneti ya kusuasua. Majina mawili, kampuni mbili, na njia moja chini ya bahari. Ndivyo ilivyo kwenye kumbi nyingi za seva: kebo imeandikwa A, nyingine B, zinapita paneli mbili tofauti, halafu zote zinaingia kwenye swichi moja, au kwenye swichi mbili zinazokula umeme wa chanzo kimoja. Wewe una bahati, swichi zenu ni mbili kweli, la sivyo maelezo yako yasingekuwa na maana. Waulize wenzenu kuhusu umeme.

Kuna aina ya hitilafu ambayo miimon haitaiona hata ukiiweka 10. Swichi yako iko hai, poti inawaka kijani, ila njia inayotoka kwenye swichi hiyo kwenda juu imekatika. Kwa OSA kila kitu ni kizuri. Pakiti zako zinaingia kwenye swichi na kufia humo. Dawa ya kwanza iko kwa watu wa mtandao: swichi nyingi zinaweza kuagizwa zishushe poti za seva njia ya juu ikikatika, na hapo miimon inatosha. Mimi hupendelea hiyo kuliko kuongeza uchunguzi upande wa Linux. Wakikataa, basi acha miimon na utumie ARP, kwa sababu viwili hivyo havitumiki pamoja:

arp_interval=1000,arp_ip_target=10.20.0.1,arp_validate=all

Hapa bondi inauliza kila sekunde kama anwani fulani inajibu, na ikikosa jibu inahama. Weka anwani ya lango lenu la mtandao, si ya mfano wangu. Usiache arp_validate, kwa sababu bila hiyo pakiti yoyote inayoingia, hata ya mashine nyingine zinazoongea kwenye mtandao huo, huhesabiwa kama dalili ya uzima. Na kuna mtego ambao ni wa meinifremu tu: LPAR mbili zinazotumia OSA moja huzungumza ndani ya kadi hiyo, pakiti haifiki kwenye swichi hata kidogo. Ukichagua kama shabaha anwani ya LPAR jirani inayotumia OSA hiyohiyo, jirani atakujibu kwa furaha huku nje kote kumekufa. Shabaha lazima iwe upande wa pili wa swichi, na zikiwa mbili ni bora zaidi, ili lango moja likiwashwa upya kwa kazi ya kawaida bondi isianze kurukaruka kutafuta njia isiyokuwapo.

Nimekuwekea primary_reselect=failure kwa sababu ya kitu ambacho huwakuta watu baada ya kusherehekea. Kuhama huenda vizuri, halafu swichi inarudi na huduma inakatika nusu dakika. Kinachotokea ni kwamba poti ya swichi ikiwaka inaanza kutoa mwanga papo hapo, lakini kama spanning tree (kinga ya swichi dhidi ya pakiti kuzunguka bila mwisho) ipo katika mipangilio yake ya kawaida, swichi inasikiliza sekunde 15 na kujifunza sekunde 15 kabla ya kupitisha pakiti yoyote. Bondi inaona mwanga, inasema kadi kuu imerudi, inahamia huko, na kutumbukia shimoni sekunde 30. Ukiweka failure, bondi inabaki ilipo mpaka hapo napo paharibike. Waombe pia wenzenu waitangaze poti hiyo kuwa ya pembeni, isipitie kusubiri huko. Wasipoweza, ongeza updelay=35000, nayo inafaa igawanyike kwa miimon bila baki.

Haya, wenzako wawili.

Anayetaka 802.3ad ana hoja nusu. Itifaki hiyo hufanya kadi na swichi zizungumze, kwa hiyo hugundua hitilafu ambazo taa haizionyeshi, na kadi zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini mazungumzo hayo hutaka mshirika mmoja kila upande wa kebo. OSA yenu ikiwa inatumiwa na LPAR nne, poti moja ya swichi itapokea sauti za washirika wanne, na hilo halikubaliki. Ni lazima poti ya OSA iwe ya LPAR yenu peke yake, yaani mnanunua kadi zaidi au mnawanyima wengine. Swichi zenu mbili nazo lazima ziweze kujionyesha kama moja. Hata mkifanikiwa, mtiririko mmoja hautapata kasi ya kadi mbili, kwa kuwa kila mtiririko hukaa kwenye kadi moja. Hesabu pia muda: katika mwendo wake wa polepole LACP, ndiyo itifaki yenyewe ya 802.3ad, huuliza kila sekunde 30 na kukata tamaa baada ya 90. Ukiwa nayo, taka mwendo wa haraka, ambao hukata tamaa baada ya 3. Kwa tatizo mlilokuwa nalo, hiyo ni gharama kubwa ya kuponya sufuri.

Anayetaka VIPA, yaani anwani pepe ya IP, anazungumzia kitu kingine kabisa, na kitu kizuri. Anwani ya huduma inawekwa kwenye kiolesura pepe, dummy0, kisichofungwa kwenye kadi yoyote. Kila OSA inakaa kwenye mtandao wake mdogo, na programu kama FRR inawatangazia ruta kwa OSPF au BGP, itifaki za kutangaza njia, kwamba anwani hiyo inafikika kupitia njia zote mbili. Njia moja ikifa, ruta zinajua. Hapa hakuna haja ya swichi mbili kushiriki safu ya 2, na kama ukumbi wenu wa seva umejengwa kwa safu ya 3 mpaka kwenye kila kabati, ndiyo njia ninayoipenda. Ila OSPF kwa mipangilio yake ya kawaida hungoja sekunde 40 kabla ya kumtangaza jirani kuwa amekufa, kwa hiyo bila BFD, itifaki ya kuchunguza majirani kwa haraka, utakuwa umepiga hatua nyuma. Na inahitaji watu wa mtandao wakuruhusu seva kuzungumza na ruta zao. Wengi hawataki hata kulisikia hilo. Kama bondi iliyowekwa vizuri inawatosha, msiende huko mwaka huu.

Umetaja mwishoni mwa barua kwamba mna Linux nyingine zinazoishi ndani ya z/VM. Hizo usiziwekee bondi ya kadi mbili pepe kwenye swichi pepe moja. Hazishiki kebo yoyote. Kadi pepe itaendelea kusema iko hai OSA ya chini ikiwa imekufa. Uhamaji unafanywa na swichi pepe yenyewe, ikipewa OSA zaidi ya moja, mpaka tatu:

DEFINE VSWITCH VSW1 RDEV F500 F600 ETHERNET

Neno ETHERNET ndilo linaloiweka kwenye safu ya 2. Kisha QUERY VSWITCH VSW1 DETAILS itakuonyesha OSA ipi inabeba mzigo na ipi inasubiri. Maonyo yale ya chpid na swichi yanabaki vilevile. HiperSockets, mnazotumia kati ya LPAR, ni kumbukumbu ya mashine tu. Hakuna kebo wala poti, ziacheni.

Narudi kwenye SSH. Wewe uko Kisumu, mashine iko Frankfurt, na stima hapa huaga bila taarifa. Usivunje bond0 ukiwa umeingia kupitia bond0. Omba ruhusa ya HMC, kituo cha kusimamia meinifremu yenyewe, kwanza, fungua konsoli ya LPAR, hakikisha umeingia na unaweza kuandika, ndipo uguse kitu. Konsoli hiyo haipiti kwenye OSA za LPAR yako. Kama kampuni haiwapi watu wa zamu ya usiku ruhusa ya HMC, weka saa ya kujiokoa kabla ya kuanza:

systemd-run --on-active=10min nmcli con up bond0-zamani

Hapo bond0-zamani ni nakala ya mipangilio yako ya sasa, uliyoihifadhi kabla ya kubadilisha. Dakika kumi zikipita hujairudia, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe. Ukifanikiwa, futa saa hiyo. Ukiisahau itakuharibia kazi wakati umeshainuka kwenda kutengeneza chai. Na fanya yote ndani ya tmux, ili laini ya nyumbani ikikatika katikati amri zisikatike nayo.

Jaribio sasa. Kupiga ip link set encf500 down hakuthibitishi lolote la maana, kwa sababu hapo Linux inajiambia yenyewe kwamba kadi imezimwa, wakati tunachotaka kujua ni kama itaambiwa na dunia ya nje. Omba wenzenu wa mtandao wazime poti kwenye swichi. Wewe, kutoka mashine iliyo nje ya mtandao huo, acha ping -D -i 0.2 ikiandika kwenye faili, na kwenye dirisha jingine uangalie /proc/net/bonding/bond0 kwa watch. Pengo la ping moja au mbili ni kawaida. Pengo la sekunde kadhaa linamaanisha kuna mtu hajalisikia tangazo la ARP, na hapo angalia ruta kabla ya kulaumu Linux. Kisha poti iwashwe, na uendelee kupima dakika moja kamili kwa ajili ya ule mtego wa kurudi. Rudia upande wa encf600. Msipopewa mtu wa swichi, chchp -v 0 0.76, ukiweka CHPID yako mahali pa 76, inaiondoa njia hiyo kwa Linux yako tu bila kugusa LPAR nyingine. Hilo si sawa na kukatika kwa kebo, ila ni bora kuliko kukaa bila kujaribu.

Jaribio la mwisho watu hulikwepa kwa sababu linataka dirisha la matengenezo: fanya IPL, yaani washa mfumo upya, huku poti moja ikiwa imezimwa. Mfumo unapaswa kupanda na mguu mmoja, bond0 ikipata anwani yake bila kungoja kadi isiyokuwapo, na poti ikiwashwa baadaye kadi ijiunge yenyewe bila mtu kupiga amri. Fanya mara ya kwanza kwa poti ya encf500, kisha kwa ya encf600, kwa sababu mipangilio inayotegemea kadi ya kwanza kuwapo ndiyo inayokwama hapo.